Majina ya Bibi Yanayokosa Wajukuu

Familia nyingi za Ugiriki hazihangaiki kumtafutia binti jina. Jina lipo hata kabla ya mimba: ni la bibi. Kwa desturi ya sehemu nyingi, binti wa kwanza humrithi bibi mzaa baba, na anayefuata humrithi bibi mzaa mama. Msomaji Mkikuyu ataona kama anasimuliwa habari za kwao. Kisiwani Karpathos utaratibu hugeuka: binti wa kwanza, ambaye huko huitwa kanakara, hupewa jina la bibi mzaa mama, na zamani alilipokea pamoja na nyumba na mashamba ya upande huo. Kwa hiyo jina la kike likiwa adimu Ugiriki, siulizi kwanza kama watu wamelichoka. Nauliza lilikosea wapi kupata mrithi.

Kalenda ya kanisa nayo ina nguvu. Mgiriki husherehekea sikukuu ya somo wake, na wazee wengi huithamini kuliko siku ya kuzaliwa. Eleni ana tarehe 21 Mei, Aikaterini ana 25 Novemba. Danae na Nefeli, waliotoka katika ngano za kale, hawana mtakatifu. Husubiri Jumapili ya Watakatifu Wote, wiki moja baada ya Pentekoste. Mwaka 1819 Patriaki Gregorios wa Tano wa Konstantinopoli aliukemea mtindo wa kubatiza watoto kwa majina ya Wagiriki wa kale. Miaka miwili baadaye vilianza vita vya uhuru, na taifa lililozaliwa likayakumbatia majina yale yale. Tangu sheria ya 1976, jina huthibitishwa kwa tamko la wazazi mbele ya msajili, hata kama mtoto hajabatizwa.

Hata hivyo, majina ninayoyapenda zaidi si ya miungu wala ya mashujaa. Ni ya vijijini. Garyfallia limetokana na garyfallo, ambalo kwa Kigiriki ni karafuu na pia ni ua lenye harufu inayoikaribia karafuu. Mtu wa Pemba angejisikia nyumbani. Triantafyllia ni waridi. Asimina limetoka kwenye fedha, Malamatenia kwenye dhahabu. Haya ni majina yenye uzito mdomoni, na uzito huo ndio unaoyaponza. Binti aliyeandikishwa Garyfallia, akiishi Athens, huitwa Lia na kila mtu. Mjukuu wake akija kuandikishwa Lia moja kwa moja, bibi ameheshimiwa, lakini karafuu imetoweka.

Stamatia lina kisa kizito zaidi. Limetokana na kitenzi cha kusimamisha. Wazazi waliojaliwa mabinti watupu walimpa mmoja jina hilo ili wasichana waishie hapo, aje mvulana. Wengine walilitoa baada ya kuzika watoto, wakitaka kifo kikome. Sisi tuliokua na kina Tabu na Shida tunaelewa. Ukilitaka kwa binti yako, jua kwanza ni simanzi ya nani unayoibeba. Kwangu mimi, Stamatia aliyezaliwa ili kifo kikome anastahili mjukuu. Yule aliyeambiwa wasichana watosha alionewa.

Kuna jina moja la Athens lenyewe ambalo utalisikia mara nyingi zaidi Kenya kuliko huko lilikotoka: Damaris. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kinawataja kwa majina watu wawili walioamini baada ya hotuba ya Paulo pale Areopago, Dionisio na Damari. Dionysios akawa mtakatifu mlinzi wa jiji, barabara inayopita chini ya Akropoli ina jina lake, na hadi leo wanaume wengi wanaitwa hivyo. Damaris alibaki pembeni. Nadhani sababu iko katika nafasi. Mgiriki kwa kawaida hupewa jina moja, na jina hilo hilo hulipa deni la bibi na kumpatia mtoto somo. Bibi akishakuwa Maria, pa kumweka Damaris hapapo. Msichana wa Nyeri akishaitwa Wanjiru, nyanya yake ameshatunzwa. Jina la ubatizo linabaki huru, na wazazi hufungua Biblia wakachagua wanalolipenda.