Uvimbe wa Taya na Kirusi Kinachojificha

Wazazi wengi huniletea mtoto wakisema ana jino bovu. Mimi ni afisa wa kliniki, na nimetibu watoto Migori na Homa Bay. Nikimfungua mtoto mdomo nikakuta ufizi umevimba na meno yanalegea ilhali hayajaoza, wazo langu la kwanza ni limfoma ya Burkitt.

Daktari Denis Burkitt aliieleza saratani hii mwaka 1958, akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya seli zake: Epstein-Barr. Huku kando ya Ziwa Victoria, karibu kila mtoto hukipata mapema kupitia mate, na wengi hawaugui saratani kamwe. Malaria ya mara kwa mara ndiyo huongeza hatari.

Kirusi hiki hujificha kwa ustadi. Seli kilimoingia huibandikia DNA ya kirusi alama ndogo za kemikali ziitwazo methili: kaboni moja, hidrojeni tatu. Penye alama hizo, protini nyingi za kuwasha jeni hushindwa kushika, na jeni hunyamaza. Katika uvimbe wa Burkitt, kwa kawaida protini ya kirusi inayobaki ikitengenezwa ni moja tu, EBNA1, na kinga ya mwili hubaki na kidogo cha kushambulia.

Lakini protini nazo huamua alama zikae wapi. Pale EBNA1 inapoishikilia DNA, methili huondoka: mwaka 1999 majaribio ya maabara yalionyesha kwamba kushika kwenyewe ndiko kunakoteua sehemu ya kusafishwa. Kisha mwaka 2004 ikagunduliwa kwamba Zta, protini inayokiamsha kirusi, hupendelea kushika DNA yenye methili. Alama zinazozifukuza protini nyingine, Zta huzitumia kama mlango.

Kwa kuwa methili ndizo huzinyamazisha jeni za kirusi, watafiti wamejaribu azasitidini, dawa inayopunguza methili, ili jeni za kirusi ziwake na kinga izione.

Nawasihi wazazi, walimu na wahudumu wa afya wa jamii: taya, jicho au tumbo la mtoto likivimba kwa siku chache, msikimbilie kung'oa jino. Mpelekeni hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, lakini ukiwahiwa, husikia dawa haraka, na mtoto anaweza kupona.