Muwasho wa Ngozi na Maumivu ya Tumbo: Mnyoo Mmoja, Dalili Mbili

Katika tarafa ya Mgeta, kwenye miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru, riziki hutoka udongoni. Kabichi, karoti na njegere hustawi katika bustani zenye unyevu, na wapo wanaozipalilia pekupeku. Mkulima anayefika zahanati akilalamikia muwasho wa miaka mingi huenda akapewa dawa ya kupaka. Akirudi na maumivu ya tumbo, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Hata hivyo, malalamiko hayo mawili yaweza kuwa na chanzo kimoja.

Chanzo kimojawapo ni mnyoo mdogo uitwao kitaalamu Strongyloides stercoralis. Mabuu yake huishi katika udongo uliochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Hupenya ngozi, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda kooni na kumezwa, kisha mnyoo jike hukomaa katika ukuta wa utumbo mwembamba. Baadhi ya mabuu yanayozaliwa humo hayatoki nje ya mwili: hupenya tena utumbo, au ngozi iliyo karibu na njia ya haja kubwa, na kuanza mzunguko upya. Ndiyo maana wanajeshi waliotekwa Asia ya Kusini-Mashariki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waligunduliwa kuwa nao zaidi ya miaka 30 baadaye.

Kwenye ngozi, mgonjwa huona vipele vya mzio vinavyotokea na kutoweka, au mstari mwekundu uliopinda, wenye kuwasha, unaosogea kwa saa chache kwenye makalio, mapaja au kiuno. Tumboni huhisi maumivu ya chembe ya moyo, gesi, na kuharisha kunakopishana na kufunga choo. Wengine hawana dalili yoyote.

Hatari kubwa huja pale muwasho huo unapotibiwa kwa prednisoloni au deksamethasoni. Dawa hizi hudhoofisha kinga. Mabuu huongezeka kupita kiasi, husambaa mapafuni na hata kwenye ubongo yakibeba bakteria wa utumbo, na mgonjwa aweza kufa.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya aulize habari za tumbo kila aonapo muwasho sugu, hasa kabla ya kuandika dawa hizo. Kipimo kimoja cha choo kisichoonyesha kitu hakitoshi, kwa kuwa mabuu hutoka kwa vipindi, kirudiwe. Dozi moja ya albendazoli, ifaayo kwa minyoo mingi, mara nyingi haiumalizi mnyoo huu. Dawa inayopendekezwa ni ivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Ni ileile inayogawiwa Mahenge dhidi ya usubi. Wajawazito na watoto walio chini ya kilo 15 hawapewi bila ushauri wa daktari.

Nawe mgonjwa, vaa viatu shambani, tumia choo, wala usijinunulie vidonge vya muwasho dukani. Si kila muwasho ni mnyoo. Upele na pumu ya ngozi nazo huwasha. Lakini unapoonyesha ngozi yako kwa mhudumu, mweleze na habari za tumbo lako.