Ratiba ya Mwalimu na Shinikizo la Damu

Shinikizo la juu la damu halina dalili kwa wagonjwa walio wengi. Kwa sababu hiyo mwalimu anayejihisi mzima huona kwamba kliniki inaweza kusubiri, ilhali madaftari hayawezi. Miadi ya kwanza ikipita, ya pili hupita pia, dawa huisha, na ugonjwa huja kujitangaza kwa kiharusi.

Kwa walimu wa vijiji vinavyolizunguka Bwawa la Nyumba ya Mungu, katika tambarare kame iliyo chini ya milima ya Upare, hesabu ya muda ni ngumu. Tuchukue mfano wa darasa la wanafunzi 50. Daftari moja likisahihishwa kwa dakika 2, darasa hilo pekee hudai dakika 100. Madarasa mawili hudai saa 3 na dakika 20, mbali na vipindi, zamu na maandalio ya masomo. Muda huo hukatwa kwenye usingizi. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, kukilinganishwa na kazi ya saa 35 hadi 40.

Mwalimu afanye nini? Kwanza, apunguze kazi anayobeba kwenda nyumbani. Hesabu na imla zinaweza kusahihishwa darasani, wanafunzi wakibadilishana madaftari naye akipita kati ya madawati. Insha zigawanywe, kundi moja kwa siku. Pili, dawa imezwe saa ileile kila siku, ikifungamanishwa na jambo lisilosahaulika, kama chai ya asubuhi. Tatu, wakati wa mapumziko apumzike kweli: anywe maji, kwani joto ni kali, aende msalani pasipo kujizuia, na aipumzishe sauti. Nne, alale walau saa 7.

Kwa watoa huduma wenzangu: kabla ya kumkaripia mgonjwa aliyekosa miadi, tumuulize ratiba yake ya kazi. Ambaye shinikizo lake limetulia anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa, kwa kadiri mwongozo na akiba vinavyoruhusu, na miadi yake ikapangwa wakati wa likizo au alasiri. Aidha, muuguzi mwenye kipimo kimoja anaweza kuwapima walimu wote wa shule mchana mmoja, baada ya kipindi cha mwisho. Walimu wakuu nao watoe ruhusa ya kliniki bila manung'uniko.

Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mgonjwa afikishwe hospitali mara moja. Hapo hakuna kipindi cha kumalizia.