Ubao wa Papa na Mti wa Mzee wa Gohu

Kigango, yaani mti uliochongwa ambao Wagiriama wa pande za Magarini, Gongoni na Kaloleni katika pwani ya Kenya huusimika kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, huelezwa mara nyingi kuwa ni mti wa kumbukumbu tu, ilhali ni taswira kamili ya mtu ambaye ndani yake ibada na mamlaka vilikutana. Gohu ni chama cha wazee wenye mali na heshima, ambacho mtu huingia kwa kutoa ada na kuwaandalia wenzake karamu, na ambacho wakubwa wake walisikilizwa katika matambiko na pia katika mambo ya jamii.

Ulaya ilikuwa na watu wa namna hiyo katika kipindi cha Mwamko, yaani zile karne za 15 na 16 ambapo wasanii wa Italia walianza kuuchora uso wa mtu mmoja mmoja kwa uangalifu mkubwa. Papa Julius II, aliyeliongoza Kanisa Katoliki kuanzia 1503 hadi 1513, aliyafuata majeshi yake mwenyewe vitani, na mwaka 1506 aliuthibitisha mkataba wa Tordesillas, ambao kwao Ureno na Hispania ziligawana bahari na nchi za ng'ambo. Mwaka mmoja kabla ya hapo meli za Ureno zilikuwa zimeiteketeza Mombasa, katika pwani hiyohiyo ya Wagiriama. Mchoraji Raphael alimchora Papa huyo kwa rangi za mafuta juu ya ubao, ameketi, macho yameinama, vidole vimejaa pete. Ndevu alizozifuga kwa majonzi ya kuupoteza mji wa Bologna, kisha akazinyoa mwaka 1512, ndizo zinazowawezesha wataalamu kukadiria kuwa picha ni ya 1511 au 1512, na matunda ya mwaloni yaliyochongwa juu ya kiti hutaja ukoo wake, della Rovere, jina linalotokana na mti huo.

Mchongaji wa kigango hafuati njia hiyo. Kichwa hukifanya duara au bapa, uso huudokeza kwa alama chache, na kiwiliwili hukijaza mikato ya pembetatu inayotiwa rangi, kisha vitambaa hufungwa shingoni. Ufanano wa sura hautakiwi, kwa kuwa kigango hakikusudiwi kumkumbusha mtazamaji jinsi mzee alivyokuwa, bali kumpa koma wake, yaani roho ya marehemu, mahali pa kukaa. Mara nyingi marehemu ndiye hukidai kwa kumtokea jamaa yake ndotoni, na kikishasimikwa hakifai kung'olewa, hata watu wakihama.

Kwa sababu hiyo wizi wa vigango ni jeraha kubwa kuliko kupotea kwa kazi ya sanaa. Picha ya Papa nayo ilikuwa imewekwa katika kanisa la Santa Maria del Popolo mjini Roma, ikaondolewa, ikapita mikononi mwa ukoo wa Borghese, na ilipokuwa London ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa nakala, mpaka uchunguzi wa mwaka 1970 ulipofichua chini ya rangi namba 118 ya orodha ya Borghese. Tarakimu tatu zilitosha kuirudishia nasaba. Kwa vigango, kilichofanya kazi hiyo ni picha ya kamera: mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango vya jamaa zake, ambavyo baadaye viliibwa, na viwili vikatambuliwa katika makumbusho za Marekani na kurudishwa Kenya mwaka 2007.

Vingi havikupata bahati hiyo. Makumbusho ya Denver iliamua mwaka 2014 kurejesha vigango 30, na uamuzi huo unastahili heshima, lakini waliovinunua na kuviuza hawakuandika ni vya mzee gani wala viling'olewa katika mji wa nani, kwa hiyo hata vikifika pwani hakuna anayejua ni ukoo upi wa kuita ili uvimiminie mnazi.