Jina Lako Katika Orodha: Mwongozo kwa Abiria wa Boti za Dar es Salaam, Unguja na Pemba

Abiria wengi huichukulia tiketi ya boti kuwa stakabadhi ya nauli tu. Kwa hakika tiketi ina kazi kubwa zaidi. Jina lililoandikwa juu yake ndilo linaloingia katika orodha ya abiria, na orodha hiyo ndiyo inayowajulisha nahodha, mamlaka na waokoaji ni watu wangapi waliomo chomboni, na ni akina nani. Katika sura hii tunaeleza vyombo na njia zake, kisha mambo ambayo abiria anapaswa kuyahakikisha kabla ya kusafiri.

Vyombo na njia

Azam Marine ni miongoni mwa kampuni zinazojulikana zaidi katika usafiri huu, na vyombo vyake ni vya aina mbili. Kwanza ni boti za mwendokasi ziitwazo Kilimanjaro, zinazotofautishwa kwa namba. Ni boti za alumini zenye matumbo mawili yaliyounganishwa juu kwa sitaha moja, nazo ziliundwa Hobart, nchini Australia. Huvuka kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja, kwa muda wa saa mbili hivi. Pili ni meli za Sealink, zinazochukua abiria, magari na mizigo. Mwendo wake ni wa taratibu, lakini humfaa mwenye gari au shehena.

Bandari kuu ya Pemba ni Mkoani. Safari za huko ni chache kuliko zile za Dar es Salaam na Unguja. Kwa hiyo thibitisha siku na saa ya kuondoka kabla ya kupanga safari yako. Nauli hutofautiana kwa daraja, na mkaazi hulipa kiwango cha chini kuliko mgeni, mradi aonyeshe kitambulisho.

Kwa nini orodha ina uzito

Ajali zilizotokea katika bahari na maziwa yetu zinatufundisha jambo hili. MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, kulikuwa na orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili, lakini wa daraja la tatu hawakuwa wameorodheshwa. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua abiria wapatao 600. Uchunguzi ulionyesha kuwa ilibeba watu zaidi ya 2,000. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliofariki pekee walizidi 220.

Pasipo hesabu ya kweli, hakuna awezaye kukizuia chombo kilichozidisha watu kabla hakijang'oa nanga. Waokoaji nao hawajui wamebakiza wangapi wa kutafuta, na familia hukosa uthibitisho kwamba ndugu yao alikuwamo.

Mambo ya kuhakikisha

1. Nunua tiketi katika ofisi ya kampuni, katika tovuti yake, au kwa wakala anayetambuliwa. Papasi anayekuuzia tiketi yenye jina la mtu mwingine anakupatia kiti, lakini anakuacha nje ya orodha.

2. Linganisha jina lililo kwenye tiketi na lile la kitambulisho chako. Likikosewa, omba lirekebishwe pale pale.

3. Waandikishe watoto wote, hata wachanga wasiolipiwa nauli.

4. Kabla ya kulipa, soma masharti ya kubadilisha safari, kurejeshewa nauli na uzito wa mizigo. Tunza tiketi hadi ufike.

5. Ukishaketi, tambua mahali yalipo majaketi ya kujiokolea na milango ya dharura.

6. Wakati wa kusi bahari huchafuka. Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na usimshinikize nahodha aliyeahirisha safari.

Ukiona chombo kimejaza watu kupita kiasi, usipande, hata kama umekwisha kulipa. Nauli unaweza kuidai baadaye.

Pa kupeleka malalamiko

Anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya tiketi. Usiporidhika, Tanzania Bara peleka shauri lako kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Zanzibar, nenda Mamlaka ya Usafiri Baharini. Taarifa ya chombo kilichozidisha abiria isisubiri barua: itoe kwa maofisa wa bandari hapo hapo gatini, chombo kikiwa bado hakijaondoka.