Stika ya 400 kwenye mchomoko

Ilikuwa chini ya kioo cha mlango wa nyuma, imebanduka pembe moja, vumbi limeingia kwenye gundi. Maneno yote Kijapani. Nilichoweza kusoma ni 400, kisha 250 ndani ya mabano, kisha kg. Probox yenyewe, mchomoko kama tunavyouita, ilikuwa Nyambureti ikisubiri abiria wa Mugumu, na kila gunia lilipoingia nilijikuta nairudia ile stika kwa macho.

Kijiweni niliambiwa ni bei ya Japani. Mwingine akasema ni namba ya injini. Aliyejua ni fundi mmoja, mtu mzima, aliyekuwa amelala chini ya mchomoko mwingine akifungua shokapu.

"Hizo ni kilo, mdogo wangu," alisema bila kutoka. "Dereva na mwenzake mmoja, mzigo mia nne. Mkikaa watano, mia mbili na hamsini. Basi."

Nikapiga hesabu. Watu watatu wa kiti cha nyuma wamekatiwa kilo 150, hamsini hamsini. Watano wakishapanda, zinabaki nafasi za magunia mawili na nusu ya mahindi, ya kilo mia. Ndani ya gari lile la Mugumu, kiti cha nyuma peke yake kilikuwa na watu wanne, na mtoto amepakatwa.

Fundi alipotoka chini ya gari alinishika mkono akanionyesha kiti cha nyuma cha hilo alilokuwa akilitengeneza. Akakibonyeza kwa kidole gumba. Godoro jembamba, mgongo umesimama wima kama ubao, pa kuegemeza kichwa hakuna. Akavuta kamba, kiti kikalala, sakafu ikawa moja hadi mlangoni.

"Unaona? Hiki kiti kimewekwa ili kikunjwe. Mama anakalia hapa kutoka kliniki na kichanga, mgongo unamuuma, anadhani ni barabara tu."

Ana haki ya kusema hivyo. Japani gari likisajiliwa la mzigo, sheria inataka eneo la mzigo lizidi eneo la abiria. Kiti kikasukumwa mbele na kupunguzwa unene. Kampuni za huko zikayanunua magari hayo kupelekea bidhaa na mafundi wao, zikayachosha, na sisi tukayapokea tukayaita ya familia.

Nasaba ya Probox lakini ni ya familia kweli. Corolla ilianza 1966, na kwa miongo mingi ilikuwa na pacha wa mzigo mwenye mgongo mrefu. Fundi wangu alijifunzia kazi kwenye Corolla DX za aina hiyo, difu nyuma, springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. "Ile ilikuwa inarusha watu ikiwa tupu, ikijaa inatulia." Julai 2002 Probox ikachukua nafasi ya pacha huyo: pua fupi, paa lililonyooka hadi mwisho, mkia uliokatwa wima ili boksi liingie bila kugonga kioo. Nyuma zikaja koili. Hapo ndipo mafundi wetu walipopata kazi, maana koili ikichoka gari linakaa matako chini, nao wanaweka spesa kulinyanyua.

Mwaka 2014 umbo lilibadilishwa tena, dashibodi ikapata kimeza cha kuvuta na pa kuwekea pakiti ya maziwa ya lita moja. Mfanyabiashara wa Tokyo alifikiriwa hadi chakula chake cha mchana. Lakini toleo la abiria, lililokuwa na kiti cha nyuma kinene, halikuendelezwa. Hilo ndilo linalomuuma fundi.

"Wateja wananiuliza lipi zuri la familia. Nawaambia nendeni nyuma ya gari. Lenye stika hii ni la mzigo. Lisilo nayo, angalia kiti, huenda ukapata lile la watu. Ila wengine wanazibandua, kwa hiyo bonyeza kiti."

Nilimuuliza mtoto wa kupakatwa anahesabiwa kwenye ile 400 au kwenye 250. Akaifuta stika ya gari alilokuwa akilitengeneza kwa kitambaa cha grisi, akaitazama kitambo.

"Hawakumwandika," alisema, akarudi chini ya gari.

Lile la Mugumu lilikuwa limeshaondoka.