Utangulizi: Kuisikiliza Tana kwa Waya Mmoja

Maji yanayoifurikia Garsen mara nyingi hayatokani na mvua ya Garsen. Mvua hunyesha kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, maji yakapita Masinga na mabwawa yanayofuata, yakateremka Garissa na Hola, na baada ya siku kadhaa yakafika kwenye mpunga wa Wapokomo na malisho ya Waorma, pengine mbingu ni nyeupe. Ndiyo maana kina cha mto hupimwa. Kituo cha Garsen wataalamu wa maji wanakijua kwa namba 4G02. Njia ya kale ni mtu kushuka ukingoni akasoma ubao wenye mita na sentimita. Utangulizi huu unahusu njia nyingine: kihisi kinazama majini, kompyuta ndogo inakaa juu, na kati yao hakuna ila waya.

Waya huo huishia kwenye poti ya siriali, mlango ambao biti hupita moja moja kwa foleni. Programu inayoulinda mlango ndani ya mfumo endeshi huitwa kiendeshi. Katika Linux, kiendeshi hiki kina asili yake kwa Linus Torvalds na Theodore Ts'o, kisha Russell King akakipanga upya kuanzia 2001. Kilizaliwa kwenye kompyuta za mezani, na dhana za huko bado zimo ndani yake.

Dhana ya kwanza ni saa. Chipu za poti hiyo, za aina ya 16550, kwenye kompyuta hizo hupigiwa mapigo 1,843,200 kwa sekunde. Ili kupata kasi ya biti 1,200, kiendeshi hugawa kwa 16, kisha kwa 96. Sasa chukua bodi yenye saa ya mapigo 24,000,000. Kiendeshi kikiandika 96 ileile, poti itasema kwa kasi ya biti 15,625, na kihisi hakitaelewa hata herufi moja. Kigawanyo sahihi ni 1,250. Dhana ya pili ni mpangilio wa rejista, yaani visanduku vya data ndani ya chipu: bodi nyingine huziweka kila baiti nne badala ya kuzipanga bega kwa bega. Hayo mawili hurekebishwa kwa maelezo machache, bila kugusa msimbo wenyewe.

Kazi ngumu, na kwangu ndiyo tamu, ni zamu ya kusema. Vihisi vingi vya maji hutumia lugha ya SDI-12, iliyoanza 1988: kasi ya biti 1,200, na waya mmoja wa kwenda na kurudi. Kihisi hulala ili kisimalize betri. Unakiamsha kwa kuushikilia waya katika hali iliyo kinyume na utulivu wake kwa angalau milisekunde 12, muda ambao ni mrefu kuliko herufi yoyote. Ukishatuma amri, una milisekunde 7.5 tu za kuuachia waya, kwa kuwa jibu liko njiani.

Hapa wanaoanza huteleza. Chipu ina rejista ya hali, na ndani yake biti mbili zinazofanana mno. Moja husema akiba ya herufi imekwisha; nyingine husema hata herufi ya mwisho imetoka kabisa. Mfikirie mpiga kasia wa Tana: ukingo kubaki mtupu hakumaanishi abiria wamevuka, kwani mtumbwi ungali katikati ya mto. Ukiamini biti ya kwanza, utauachia waya wakati alama ya mwisho ya amri ingali ndani ya chipu, na kihisi kitabaki kimya. Nimeona watu wakibadilisha betri, nyaya, hata kihisi kizima, kumbe kosa lilikuwa biti moja. Subiri ile ya pili, kisha geuza mwelekeo papo hapo, ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Programu ya kawaida inaweza kuchelewa pale mfumo unapoipisha nyingine.

Zoezi la kwanza ni dogo. Unganisha kihisi chenye anwani 0, kiamshe, kitumie 0M! na usome. Kikijibu 00051, kimesema: mimi ni 0, nipe sekunde 005, nitakuwa na kipimo 1. Sekunde tano zikipita, tuma 0D0! na usikilize. Mathalani, 0+3.42 maana yake ni kihisi 0, mita 3.42 za maji.